Fundi Alisema ni Mkono

Mtungi aliisukuma pikipiki yake hadi mlangoni mwa karakana akiwa ameloa jasho mgongo mzima, akaiegemeza kwenye nguzo, na kabla ya salamu akaanza kushtaki. Alikuwa msambazaji wa gesi ya kupikia, mtu wa mwili na maneno mengi. Jina la Mtungi alipewa kwa sababu ya kazi yake, ingawa wenye ndimi kali walisema ni kwa sababu ya tumbo.

"Daktari, mgonjwa wako kazidiwa," alisema. "Nabana klachi mpaka vidole vinaniuma, natia gia ya kwanza, pikipiki inaruka kama mbuzi aliyekanyagwa. Nikisimama kwenye makutano inataka kuondoka peke yake. Kuitoa gia ikae frii ni mpaka niizime kwanza. Leo imenipeleka mpaka kwenye geti la mteja, puu. Mama wa watu katoka na mwiko mkononi."

"Kakupiga?"

"Angenipiga ningeshukuru. Kaniuliza fundi wangu ni nani. Nikakutaja. Basi kacheka, karudi ndani kwake."

Fundi hakucheka. Alifuta mikono kwa tambara, akachuchumaa kando ya injini na kuanza kuitazama kimya.

Daktari ni jina alilopewa na waendesha pikipiki, naye alilivaa kama mtu anavyovaa koti jipya, kifua mbele. Hakufundishwa na yeyote. Alijifundisha kwa kufungua na kufunga, kuharibu na kutengeneza, mpaka watu wakaacha mafundi wa zamani wenye mabanda makubwa wakaja kupanga foleni kwake, chini ya mabati yake manne yaliyotoboka. Kilichompa jina hasa kilikuwa washa, zile pete bapa za chuma. Pikipiki za mizigo zinachoka klachi upesi. Springi zinalegea, pleti zinazoshikana ndani ya klachi zinateleza, na mlimani injini inapiga kelele huku gurudumu halina habari. Yeye aligundua kwamba ukiweka washa nene chini ya kila springi, springi inabanwa zaidi, pleti zinashikana, na pikipiki iliyokuwa imekata tamaa inapanda mlima na mzigo wake. Mafundi wengine walicheka, kisha wakaiga. Mitaani ikaitwa "washa za Daktari", na kila alipolisikia jina hilo shingo yake ilirefuka kidogo.

Lakini tangu siku ile ya kiwanda cha mikate, hakupenda kusikia kwamba pikipiki imeruka na klachi imebanwa.

Baba yake alikuwa mgawa mikate. Kila alfajiri alikwenda kiwandani na pikipiki yenye kasha la bati nyuma, akapakia, akazunguka madukani mpaka kasha likawa tupu. Watu walimwita Mzee Mikate, na ile njia ya mikate ilikuwa yake tangu fundi hajaota meno. Wenye maduka walimfungulia mlango wakiwa bado na usingizi usoni. Mbwa wa njia nzima walimjua.

Kisha alfajiri moja, uani pa kiwanda, mzee alibana klachi, akatia gia, na pikipiki ikamponyoka. Ilivamia rundo la kreti. Mikate ikatapakaa kwenye matope, na mpakiaji mmoja akapona kwa kurukia ukuta. Msimamizi wa kiwanda alikuwa mwanamke mfupi aliyeitwa Mama Kreti, asiyepoteza maneno. Alisema aitwe fundi wa pikipiki hiyo, aje aseme ubovu ni wa chuma au ni wa mtu.

Fundi wa pikipiki hiyo alikuwa mwanawe.

Alifika jua likiwa limeshapanda. Wagawaji, wapakiaji na wapishi wenye unga mpaka kwenye kope walikuwa wamemzunguka mzee kama watu wanaosubiri hukumu. Mzee alimwambia taratibu, "Klachi inakuwa ngumu katikati, mwanangu. Nabana, halafu ni kama nimegonga ukuta. Na asubuhi injini ikiwa ya baridi ndiyo mbaya zaidi."

Fundi alishika klachi, akaibana kwa mkono wake wa ujana mara moja, akaibana tena. Injini hakuiwasha. Aiwashe ya nini? Klachi ile aliifunga yeye mwenyewe, siku chache kabla, na kila kilichoingia mle ndani kilikuwa cha kuchagua. Alisimama, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye tanuri:

"Pikipiki haina tatizo. Mkono wa mzee umechoka."

Mzee aliutazama mkono wake wa kushoto. Akaufungua, akaufumba. Kabla jua halijazama, njia ya mikate ikawa ya mtu mwingine.

Na neno la fundi halikuishia uani pale. Lilimfuata mzee mpaka nyumbani. Mama yake fundi alianza kumjazia chai nusu kikombe, ili isimwagike. Mke wa fundi, kila mtoto wao mchanga alipotaka kubebwa na babu yake, alikaa karibu na mikono miwili tayari, akitabasamu tabasamu la kuomba radhi, na baada ya muda mfupi akamchukua. Mzee mwenyewe alikata kipande cha tairi la ndani, akakikunja, akawa anashinda kwenye kiti cha mlangoni akikibana kwa mkono wa kushoto. Bana, achia. Bana, achia. Jirani akipita akimuuliza hali, anajibu, "Naufufua mkono."

Fundi alikuwa akiyaona hayo kila siku, na kila siku alijiambia kwamba alisema kweli, na kweli haina baba wala mama.

"Umelala huko chini?" Mtungi aliuliza. "Mitungi inanisubiri."

"Tulia basi."

Alianza na waya wa klachi, kwa kuwa huko ndiko kwenye makosa mengi. Ulikuwa umelegea kidogo. Akaukaza kwenye kirekebisho cha juu, akaukaza na cha chini, akautia oili mpaka ukateleza. Mtungi akapiga kiki, akabana, akatia gia. Pikipiki ikaruka, ikamkosa kuku wa jirani kwa unyoya.

Fundi akamwaga oili ya injini. Alishuku imekuwa nzito, kwa sababu oili nzito inazigandisha pleti zisiachane. Akatia mpya, nyepesi ya kutosha. Wakaijaribu. Ikaruka.

"Huyu mbuzi ana kisirani," Mtungi alisema.

"Shuka. Naifungua."

Akafungua kava la injini upande wa kulia, akazitoa springi, akazitoa pleti moja moja, akazipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wake. Za chuma alizilaza juu ya kioo cha dirisha alichokuwa akikitunza kwa kazi hiyo, akazigusa pembeni kuona kama kuna iliyopinda na kucheza. Zote zililala bapa. Akalikagua bakuli ambamo pleti hukaa, akakuta meno yake yamepata vijishimo mahali pleti zinapogonga. Uso wake ukachangamka.

"Nimekupata," alisema. "Pleti zinanasa hapa. Haziwezi kuachana."

Alivipiga tupa vijishimo vile kwa uangalifu, mpaka kidole kikapita bila kukwama. Akaosha, akapaka oili, akazirudisha pleti na springi na washa zake, akafunga. Mtungi akapanda kwa heshima kama mtu anayepanda punda wa mwenzake. Akapiga kiki, akabana, akatia gia.

Ikaruka.

Mtungi aliizima injini. Kisha Mtungi akakohoa. "Labda na mimi mkono wangu umechoka, Daktari. Tuulize kwa mzee kama kuna nafasi kando ya kiti chake cha kubania tairi."

Alisema kwa utani wa kawaida tu. Ila fundi alihisi kitu kimemgusa chini ya mbavu, mahali pasipokunika. Akamwambia kwa ukali kidogo, "Kaa hapo hapo. Usiwashe."

Akafungua kava tena. Kwa aina ile ya pikipiki, hata kava likiwa wazi, ukibana klachi unaiona sahani ya mbele ikisukumwa nje ili pleti zipate nafasi. Fundi akaleta tochi, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia chuma.

"Bana."

Mtungi akabana. Sahani ilisogea kidogo, unene wa kucha, ikasimama.

"Bana mpaka mwisho."

"Ndiyo mwisho."

"Mtungi, nimesema bana."

"Nabana, ndugu yangu! Inakuwa ngumu katikati. Ni kama nimegonga ukuta."

Fundi hakuinua uso. Maneno yale aliyajua. Alikwisha kuyasikia, neno kwa neno, kwa sauti nyingine, ya upole zaidi, mbele ya watu wenye unga kwenye kope.

Akaelekeza tochi kwenye springi. Mizunguko yake ilikuwa imebanana, mmoja umekalia mwenzake, hakuna hata uwazi wa kupitisha unywele. Springi zilikuwa zimefika mwisho wa kubanwa kabla pleti hazijaachana. Chini ya kila moja, zikiwa safi na zinang'aa, zilikaa washa zake.

"Springi hizi nilizikuta humu?" aliuliza, ingawa alijua jibu.

"Umesahau? Nilinunua mpya. Nikakwambia nifungie kama ulivyomfungia mzee wako, springi mpya na washa chini yake. Ukasema mimi ndiye mteja mwenye akili."

Hapo ndipo fundi alipokaa chini kwenye sakafu yenye oili.

Pikipiki zote nyingine alizozitilia washa zilikuwa na springi kuukuu, zilizofupika kwa kuchoka. Washa zilijaza pengo lililokuwapo. Lakini kwa baba yake hakutaka kuukuu. Kwa baba yake alitafuta springi mpya, ndefu, ngumu, na bado akaona hazitoshi, akaongeza na washa, tena zile nene kuliko zote alizokuwa nazo, ili klachi ya mzee ishikane kuliko klachi ya mtu yeyote mjini. Alikumbuka alivyokuwa akipiga mluzi wakati akizifunga. Na mzee aliporudi siku ya pili akasema pikipiki inavuta kidogo hata ukibana, yeye alimjibu bila kugeuka, "Itazoea, baba. Vitu ni vipya."

"Kuna nini?" Mtungi aliuliza. "Mbona umekuwa kama umeona nyoka?"

"Springi," fundi alisema. "Zinabana mno."

Akazitoa washa, akafunga klachi na springi peke yake. Mtungi akapiga kiki, akabana kwa vidole viwili, akatia gia. Pikipiki ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Akaiachia klachi taratibu, ikaondoka taratibu. Akazunguka uwanja mdogo wa mbele akicheka peke yake.

"Daktari ni Daktari," alisema akifunga kofia yake. "Nitakwenda kumwambia yule mama wa mwiko."

Fundi angeweza kumwambia hapo hapo. Neno lilikuwa mdomoni. Alilimeza, akainua mkono kumuaga, na Mtungi akaenda zake akizitangaza sifa ambazo fundi hakuzistahili.

Alipobaki peke yake alizitazama washa zile kwenye kiganja chake kwa muda mrefu. Kisha akafunga karakana, mchana kweupe, wateja wawili wakimwita kwa nyuma, akashika njia ya nyumbani na spana zake mfukoni.

Mzee alikuwa mlangoni, kwenye kiti chake. Bana, achia.

"Umerudi mapema," alisema. "Unaumwa?"

"Hapana, baba. Naomba niitazame pikipiki yako."

"Ya nini? Imelala. Mama yako anaianikia nguo."

Kweli ilikuwa imeegeshwa ukutani ndani ya ua, taulo mbili zikining'inia kwenye mpini. Fundi aliziondoa, akaitoa kivulini. Mzee hakuuliza tena. Alikisogeza kiti karibu, akakaa kutazama, kama alivyozoea kukaa karakanani zamani na kuwaambia wateja kwamba yule ni mwanangu, msimuone mdogo.

Fundi alifungua kava. Hakuhitaji hata tochi. Springi zilikuwa pale, mpya bado, na washa zake nene chini yake.

"Baba, naomba ubane klachi."

Mzee aliweka kipande chake cha tairi pajani, akaufuta mkono kwenye suruali, akanyoosha, akabana. Fundi alitarajia kuona mkono ukitetemeka. Haukutetemeka. Vidole vya mzee vilikaza mpaka mishipa ikasimama, na waya ukatoa mlio mdogo wa kuonewa. Sahani ikasogea unene wa kucha, ikasimama.

"Ukuta wenyewe ndio huo," mzee alisema. Kisha akaongeza haraka, kama mtu anayejitetea kwa wakubwa, "Lakini nafanya mazoezi. Utakuwa na nguvu."

"Iachie, baba."

"Nabana tena?"

"Iachie." Fundi aliweka spana chini. "Siyo mkono wako. Haukuwa mkono wako hata siku ile. Ni mimi. Springi nilizokuwekea ni mpya, na chini yake nikaweka washa. Zinafika mwisho kabla klachi haijaachia. Hata ungekuwa na mkono wa simba isingeachia."

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na sufuria mkononi. Hakusogea.

Mzee aliinama, akachungulia ndani ya injini. Akazitazama springi kama anayetazama watu aliokuwa akiwasikia tu kwa majina.

"Hizi ni mpya?"

"Mpya."

"Na hao wengine uliwawekea mpya?"

"Hapana. Ila Mtungi tu. Wengine zilikuwa zao za zamani."

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Basi ningekuwa mteja tu, leo ningekuwa nagawa mikate."

Fundi alitamani atukanwe. Alikuwa amejiandaa kwa hilo njia nzima, amepanga majibu, amepanga hata namna ya kupiga magoti. Kicheko kile hakuwa amekitarajia.

"Siku ile," mzee alisema akiwa bado ameinama, "nilijua kuna kitu. Nilikuwa najua kabisa. Halafu ukasema ni mkono. Nikasema, huyu ndiye anayejua. Nikaanza kuusikia mkono umechoka kweli. Usiku unakufa ganzi. Kijiko kinanidondoka."

"Baba, nisamehe."

"Nimekusikia." Aliurudisha mgongo kwenye kiti. "Funga kazi yako vizuri. Mama, niletee chai."

Fundi alipokuwa amezitoa washa na kufunga kava, mama alileta chai. Alikuwa amekijaza kikombe mpaka kwenye ukingo, tena kwa makusudi, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimpa mumewe, kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe ulilisema lile neno mbele za watu," alisema. "Hili unalisemea ndani ya ua?"

Asubuhi iliyofuata, kabla mikate haijamaliza kupakiwa, fundi alikuwa uani pa kiwanda. Alichagua saa hiyo kwa kuwa ndiyo saa ya watu wengi, na njiani alijilaani kwa kuichagua. Wagawaji walikuwa wamepanga pikipiki zao ukutani. Baadhi yao walikuwa wateja wake. Mmoja akamwita Daktari, akataka kumuonyesha mnyororo wake.

"Subiri," fundi alimwambia. Akaenda mpaka alipokuwa Mama Kreti, akasema kwa sauti ile ile aliyoitumia siku ile, kwa sababu aliona hana haki ya kutumia iliyo ndogo zaidi. "Nilikosea. Mkono wa baba yangu ni mzima. Klachi ndiyo iliyokuwa mbovu, na aliyeiharibu ni mimi. Niliweka washa zisizotakiwa. Siku ile sikuiwasha hata injini, nikasema tu."

Kazi ilisimama kidogo. Mpakiaji aliyerukia ukuta siku ile alitema mate pembeni. Mgawaji mwenye mnyororo aliuliza taratibu, "Hizo washa ndizo ulizoniwekea na mimi?"

"Zako zina springi za zamani. Hazina shida. Lakini njoo nizitazame."

"Nitakwenda kwingine nizitazamishe," yule mtu alisema, bila chuki, akageuka kufunga kasha lake. Wawili wengine walinong'ona. Mmoja akacheka.

Mama Kreti alikuwa amemsikiliza bila kupepesa. "Umemaliza?"

"Naomba arudishiwe njia yake."

"Ile njia ina mtu. Ana mke, mke ana mimba, na hajawahi kuchelewa hata mara moja. Nimtoe kwa kosa gani?" Alingoja kidogo. "Kwa la kwako?"

Fundi aliyashusha macho kwenye kreti.

"Mzee wako alikuwa mgawaji mzuri," msimamizi alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Ile siku nilitaka kumbakisha. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilidhani utamtetea. Mtu akiumwa au akiwa na msiba, nitamwita mzee ashike nafasi. Zaidi ya hapo sina."

Alilipeleka jibu lile nyumbani. Mzee alilipokea kwa kutikisa kichwa tu. Hakusema ni dogo, hakusema ni kubwa. Ila alianza kuitoa pikipiki nje jioni na kuipangusa, na mama akaanika nguo zake kwingine.

Kisha siku moja akaumwa mgawaji mmoja, wa upande wa sokoni, na mzee akaitwa. Fundi hakuambiwa na mtu amfuate. Alifunga karakana, ambayo sasa haikuwa na foleni ya kumzuia, akapanda pikipiki ya kuazima, akawa nyuma ya baba yake kwa mbali, kama mpelelezi.

Uani pa kiwanda mzee alipakia kasha lake, akavaa kofia, akaishika pikipiki kwa mpini. Hakuiwasha. Aliisukuma ikiwa imezimwa, na mzigo wote nyuma, akapita katikati ya wapakiaji na kreti, akapita getini, akaenda nayo hatua nyingi mpaka mahali ambapo barabara ilikuwa tupu. Hapo ndipo akapiga kiki. Akabana, akatia gia. Pikipiki haikutikisika. Akaondoka vizuri kabisa, mgongo umenyooka, gia zikiingia moja baada ya nyingine bila kelele, na fundi nyuma yake akashusha pumzi.

Kwenye duka la kwanza palikuwa na wanunuzi watatu barazani. Mzee alizima injini mbali nao. Akashuka, akasukuma. Akawapa mikate, akachukua kreti tupu, akasukuma tena mpaka walipokuwa nyuma yake, akawasha. Kwenye duka la pili vivyo hivyo. Penye kivuko cha watoto wa shule, alishuka kabla hata hajawafikia. Jasho lilikuwa limeshamlowesha shati. Kofia ilimteremkia usoni, akaisukuma juu kwa mkono wa kushoto, ule ule mzima, na kuurudisha kwenye mpini.

Fundi alishindwa kuvumilia. Aliongeza mwendo, akasimama kando yake, akashuka.

"Baba, klachi inaachia. Nimeijaribu mwenyewe mara nyingi. Unaweza kupita hapa ukiwa juu."

"Najua inaachia."

"Basi mbona…"

"Najua, mwanangu. Nimeisikia mwenyewe. Tamu kabisa." Mzee alikuwa akihema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata fundi maini. "Ila watu wakiwa mbele, mkono unaniambia tusubiri."

"Nikusukumie?"

"Mzigo ni wangu. Wewe nenda, watu wanakungoja."

Hakuna aliyekuwa akimngoja, na mzee alilijua hilo. Mwenye duka la kona, aliyemfahamu tangu zamani, alitoka nje na ufagio, akamuona Mzee Mikate akija kwa miguu, akafurahi na kushangaa kwa pamoja.

"Mzee wetu! Umerudi kazini! Mbona unaikokota? Imekufa? Si una fundi nyumbani?"

"Nzima hii," mzee alimjibu. "Fundi kaitengeneza vizuri sana."

Akampa mikate yake. Wakapeana habari za nyumbani, wakacheka kidogo. Kisha akaisukuma pikipiki mpaka ufagio na mwenyewe wakawa nyuma, akapanda, akapiga kiki, akaondoka bila mshtuko. Fundi alibaki kando ya barabara akimtazama. Mbele, penye kituo cha maji, wanawake walikuwa wamesimama na ndoo zao hadi katikati ya njia, wakizungumza.

Mzee aliwaona kwa mbali. Akazima.